Mapigo ya Upande wa Kushoto

Katunge alijua macho yake yameanza kumwacha siku aliyopigwa kiti cha chuma na mtu ambaye hakumwona akija.

Kiti chenyewe kilikuwa cha kwenye skrini, na aliyepigwa alikuwa mwanamieleka wa gemu. Ilikuwa mchana wa Jumanne, mwaka wa 2021, Mtito Andei, kwenye mapokezi ya lojing, nyumba ya kulala wageni, ya Bwana Muli ambako Katunge alikuwa msimamizi. Alikaa nyuma ya kaunta, padi ya kuchezea mikononi, mtu wake akiwa katikati ya ulingo tayari kumaliza kazi. Kando yake, kwenye stuli, alikuwa Mowlid, dereva wa lori la mbuzi, na padi ya pili. Mtu wa Mowlid akashuka ulingoni, akavuta kiti kutoka chini ya pazia la ulingo, akazunguka kwa kushoto, akapanda tena. Pa! Mtu wa Katunge akalala chali.

"Umetokea wapi wewe?" Katunge aliuliza.

"Si nimepita hapo mbele yako, Mama Nthenya. Nimetembea pole pole kama mtu anaenda kusaga mahindi."

Walicheka. Lakini Mowlid alipoondoka, Katunge alienda uani kuanua mashuka. Akasimama mbele ya kamba, akafunika jicho la kulia kwa kiganja. Mashuka ya upande wa kushoto yakapotea. Hayakuingia giza wala ukungu. Hayakuwepo tu, kama yasiyowahi kufuliwa. Akaondoa kiganja, yakarudi. Akafunika tena.

Hakumwambia mtu.

Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mjane, mama wa binti mmoja, Nthenya, aliyeolewa Mbumbuni. Kanisani aliimba sauti ya tatu. Watu wa Mtito Andei walikuwa wamemzoea na gemu yake. Wageni wapya ndio waliouliza, na yeye aliwajibu, "Wengine hufuma vitambaa."

Mieleka ilimwingia huko kwao, kijiji cha Tulia, akiwa na miaka kumi. Baba yake, Nzuki, alikuwa fundi wa mawe aliyefanya kazi Mombasa miaka mingi, na aliporudi nyumbani kabisa alikuja na televisheni ndogo, ile ya picha nyeusi na nyeupe. Stima haikuwa imefika. Televisheni ilitumia betri ya gari, na kila wiki Nzuki aliifunga betri hiyo kwenye keria ya baiskeli akaipeleka Kitui mjini kuchajiwa, ili irudi na nguvu za saa moja ya mieleka. Habari hakutazama. Alisema habari zinamaliza betri bure.

Kiingereza cha watangazaji kiliwapita juu ya vichwa, kwa hiyo baba na binti wakawapa wanamieleka majina wenyewe. Kulikuwa na Kinyozi, kwa sababu ya upara wake. Kulikuwa na Bibi Harusi, mwenye nywele ndefu nyeupe zilizomwagika mgongoni. Na kulikuwa na Mchungaji. Huyu, kabla ya kumwangusha mtu kwa mara ya mwisho, aliinua mikono yote miwili akatazama juu, kama anayetoa baraka ya kufunga ibada. Nzuki alimpenda Mchungaji kama ndugu wa tumbo moja. Siku Mchungaji alipotolewa ulingoni kwa machela, shingo imefungwa, Nzuki hakula. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa maombi akaomba washirika wamkumbuke ndugu mmoja aliyeumia shingo.

"Ni wa ukoo gani?" mhubiri akauliza.

"Ni wa mbali," Nzuki akasema.

Kanisa zima likamwombea. Baada ya wiki sita Mchungaji alirudi ulingoni akiwa mzima, na Nzuki akamgeukia binti yake, machozi yakimlengalenga.

Aliyeharibu ni Nzau, kaka yake Katunge, aliporudi likizo kutoka shule ya bweni. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akatazama kidogo, akasema, "Baba, hawa wanaigiza. Wanapatana mapema nani ataanguka."

"Na ile damu?"

"Wanajichanja wenyewe kidogo na wembe."

Nzuki alitazama mpaka mwisho, akazima. Wiki iliyofuata betri haikupelekwa Kitui, wala wiki ile nyingine. Mama yao akaifunika televisheni kwa kitambaa na kuweka picha ya harusi juu yake. Nzuki aliishi miaka minane zaidi na hakumtaja Mchungaji tena. Katunge aliamini mpaka ukubwani kwamba kilichomuuma baba yake si lile la kuigiza. Ni kwamba alilisimamisha kanisa zima limwombee mtu ambaye hakuwa ameumia.

Basi Katunge akakua, akaolewa, akazaa Nthenya, akafiwa. Alikuja Mtito Andei kufua mashuka ya lojing, na baada ya miaka akaachiwa funguo zote. Siku moja alikuwa anavuka barabara kununua sabuni akapita chumba cha gemu ambacho mwenye biashara alikuwa anakifunga ahamie Emali. Televisheni moja ilikuwa bado inawaka. Katunge akasimama na noti mkononi. Kwenye skrini, katika orodha ya wanamieleka wa zamani, mtu alikuwa ameinua mikono yote miwili anatazama juu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Hao ni wazee wa kitambo, mama. Watu hawawachagui siku hizi."

Alimnunua Mchungaji kwa pesa za zamu yake ya chama cha kuchangiana, pamoja na mashine nzima, padi mbili na gemu nyingine tatu za mpira ambazo hakuwahi kuzifungua.

Mwezi wa kwanza alicheza akiwa amefunga mlango. Vidole vyake vilizoea ufagio na sabuni. Vitufe vilikuwa vidogo, na Mchungaji alizunguka ulingoni kama mlevi anayetafuta choo. Halafu siku moja alibonyeza vitufe viwili pamoja, bila kukusudia, na Mchungaji akainua mikono. Katunge aliachia padi ikaanguka sakafuni. Alikaa hapo, mwanamke mzima, analia na kucheka, na mgeni wa chumba namba tano anagonga mlango anataka maji ya kuoga.

Mowlid alikuwa mtu wa Mwingi. Alipeleka mbuzi Mombasa, na kila Jumanne aliporudi na lori tupu alilala lojing asubuhi, akaamka mchana, akaswali, akanywa chai, kisha akaondoka. Mara ya kwanza alipoiona gemu alisimama na kikombe mkononi.

"Huyu mzee bado yuko?" akasema. "Sheikh bado yuko?"

"Sheikh gani? Huyo ni Mchungaji."

"Mchungaji wapi! Angalia hiyo mikono. Hiyo ni dua."

Kumbe naye, utotoni Mwingi, alimtazama mtu yuleyule kwenye kanda za video, katika kibanda cha mabati nyuma ya soko la ngozi, na mwalimu wa madrasa alimchapa mara mbili kwa ajili yake. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana kwamba aliyeshindwa wiki iliyopita ndiye atakayemchukua mzee, na atamwita jina analotaka.

Wakacheza hivyo miaka sita. Hawakuruka hata mara moja ile sehemu ya wanamieleka kuingia, ambayo vijana huiruka kwa kitufe kimoja. Muziki ulipigwa, taa zikawaka, na Mowlid, mtu wa kilo mia, alisimama kutoka kwenye stuli akapunga mkono kwa watu wasiokuwepo. Katunge alitangaza kwa Kikamba. Wageni walisubiri funguo. Kwa saa mbili za Jumanne alikuwa na miaka kumi, na betri imejaa.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yanaondoka kwa upande wa kushoto.

Alienda kliniki ya macho baada ya miezi mitano, kimya kimya, akimdanganya Bwana Muli kwamba ana msiba. Daktari, mwanamke kijana, alimwangalia kwa taa muda mrefu.

"Hii ni presha ya macho, mama. Ungekuja mapema."

"Haikuwa inauma."

"Haiumi. Ndiyo ubaya wake." Akachora duara kwenye karatasi, akaanza kulitia wino kutoka ukingoni kwenda ndani, akaacha sehemu nyeupe katikati. "Hapa kwenye wino pameenda, haparudi. Dawa ni ya kuchunga hapa peupe."

"Na hapo peupe patakaa?"

Daktari alifunga kalamu. "Tutajaribu."

Katunge alitia matone asubuhi na jioni bila kukosa. Peupe pakapungua hata hivyo. Alijifunza ngazi za lojing kwa hesabu ya hatua, na funguo kwa kupapasa meno ya kila mmoja. Kitabu cha wageni aliwaachia wageni wenyewe waandike. Hakumwambia Nthenya kwa kuwa Nthenya angemhamisha, wala Bwana Muli kwa kuwa angemfuta kazi. Wala hakumwambia Mowlid, kwa sababu asiyoweza kuitaja vizuri hata moyoni.

Ajabu ni kwamba ndipo alipoanza kushinda. Zamani walishindana sawasawa. Sasa Jumanne baada ya Jumanne mtu wa Mowlid alilala chini na mwamuzi akapiga sakafu mara tatu. Katunge aliona ni masikio. Alisikia vishindo vya miguu ulingoni, akajua mtu yuko wapi. Alimpigia Nthenya kumwambia. Alimwambia mwenye bucha. Mwili wake ulikuwa unafungwa mlango mmoja mmoja, lakini hapa, mahali hapa tu, alikuwa anapanda. Usiku akikosa usingizi alizirudia zile mechi kichwani, akapata usingizi.

Jumanne moja ya mwaka wa 2023 mtu wa Mowlid alimkosa kwa teke ambalo hata mtoto asingelikosa. Katunge alilisikia likipita hewani. Kitu kikamwambia, ngoja. Akaweka padi kwenye kaunta, akalaza mikono kwenye magoti yake.

Ulingoni mtu wake akasimama kama mlingoti. Mtu wa Mowlid akamzunguka. Akarusha ngumi mbali naye. Akapanda juu ya kamba, akaruka, akaangukia sakafu tupu. Akainuka, akapanda tena, akaruka, akaanguka palepale. Watazamaji wa gemu wakazomea. Akapanda mara ya tatu.

"Mowlid," Katunge akasema. "Mikono yangu iko hapa kwa magoti."

Vitufe vya Mowlid vikanyamaza.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Hii iliyopita?"

"Ile ya mwaka jana, Mama Nthenya."

Katunge alihesabu zile Jumanne zote na akahisi zinaanguka moja baada ya nyingine.

"Ulijua aje?"

"Ulikuwa unaniangalia na sikio," Mowlid akasema. "Mimi nabeba mifugo. Mnyama akianza kukosa jicho nitajua kabla ya mwenyewe. Nikasema nisimwambie, ana aibu. Nikawa nakuja upande wa kulia tu."

"Na ukawa unaanguka."

"Nikawa naanguka."

"Ulinihurumia kama mbuzi amevunjika mguu."

"Mbuzi akivunjika mguu mimi namchinja. Sikukuhurumia. Nilitaka tucheze." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Ungeacha, mimi ningekuja hapa kufanya nini? Kulala tu?"

Angeweza kunyamaza hapo. Baadaye, kwa miezi, alifikiria jinsi ambavyo angeweza kunyamaza hapo, na kuuliza kama kuna chai imebaki. Lakini alimwona baba yake amesimama kati ya mabenchi, kofia mkononi, anaomba.

"Chukua viatu vyako," akasema. "Lojing ni nyingi hapa. Usilale kwangu tena."

Mowlid alivaa viatu taratibu. Mlangoni alisema kitu, lakini lori lilipita barabarani na Katunge hakukisikia, na hakumwomba arudie.

Wiki iliyofuata alisikia breki za lori lile, zenye mlio wake wa kipekee, zikipita bila kusimama. Wiki mbili baadaye ujumbe uliingia kwenye simu yake. Herufi zilikuwa ndogo kama punje za wimbi. Aliinua simu, akaishusha, akaipeleka dirishani, akaiweka mbele ya lile tundu dogo la nuru lililobaki kwenye jicho la kulia. Alipata neno moja, "mama," na akalipoteza. Kumpa mtu amsomee ilikuwa ni kusema asiyoweza kusema. Ujumbe ule haukusomwa kamwe.

Mashine hakuigusa. Kazini alianza kukosea. Alimpa bwana mmoja na mkewe ufunguo wa chumba kilichokuwa na mtu, na mama aliyekuwa anaoga humo alipiga mayowe yakasikika hadi kituo cha petroli. Baada ya mwezi akarudia kosa lilelile. Bwana Muli alisafiri kutoka Machakos. Hakuwa mtu mbaya. Aliingia, akamsalimu, akauliza habari za Nthenya, kisha akamwekea kitabu cha wageni mikononi.

"Mama Nthenya, nisomee wageni wa jana."

Katunge akafungua. Akataja majina matatu ya watu wa kubuni, na miji waliyotoka, kwa sauti imara.

Bwana Muli alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akakichukua kitabu polepole.

"Umekishika juu chini," akasema.

Nthenya alikuja kumchukua na mumewe, Nzioka. Mbumbuni walimpa chumba chenye dirisha la mashariki, na walikuwa wema kwake, wema wa kuchosha. Nzioka alimshika kiwiko hata akienda chooni. Kufikia mwaka uliofuata lile tundu la nuru nalo lilifungwa, na Katunge akaacha kutia matone. Nthenya aliponunua mengine aliyapokea, akashukuru, akayaweka kando.

Aliomba kazi. Wakampa ndengu za kuchambua. Alikaa barazani na ungo magotini, akatafuta vijiwe kwa ncha za vidole, punje kwa punje, asubuhi nzima, akampa Nthenya. Siku ya tatu alisikia, kutoka jikoni, ungo ukitikiswa upya, na vijiwe vikitupwa nje kimoja kimoja kwa uangalifu, ili visipige kelele.

"Nimeacha mawe, Nthenya?"

"Hapana, mwaitu, mama yangu. Ziko safi kabisa."

"Haya," Katunge akasema. Kesho yake akachambua tena.

Mara moja tu aliomba mashine iunganishwe. Nthenya na Nzioka walikuwa wanakwenda shambani. Nthenya akamwekea padi mkononi na kumwashia kabla hawajatoka. Katunge alihesabu mibonyezo anayoikumbuka, akamfikia Mchungaji, au aliyemdhania kuwa Mchungaji. Muziki wa kuingia ukapigwa. Ulikuwa si wake. Alikuwa amemchagua mtu mwingine asiyemjua, na hakujua jinsi ya kurudi. Kengele ikagonga. Akapigwa. Padi ilitetemeka mikononi kwa kila pigo, kulia, kushoto, tumboni, na alibonyeza kila kitu alichoweza kubonyeza, haraka, bila mpango, kama mtu anayejikinga na nyuki. Mwamuzi akahesabu tatu. Katunge alicheza tena, akapigwa tena. Mara ya nne hakubonyeza. Aliposhindwa aliketi akisikiliza muziki wa orodha ukijirudia mpaka Nthenya aliporudi na kuizima.

Simu iliita mwezi wa nane, akiwa barazani. Aliipapasa akaipokea.

"Mama Nthenya?"

Angeijua sauti ile hata kaburini. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia.

"Nani?" akasema.

"Ni mimi. Mowlid. Nilipita kwa Muli wakaniambia uko Mbumbuni. Nimepata gemu mpya, imetoka majuzi, mzee yuko ndani na amepakwa rangi vizuri sana. Nilikuwa nasema naweza kukata kona hapo Emali, si mbali. Nitakuambia kila kitu kinachoendelea, wewe unabonyeza tu. Mimi nitakuwa macho na wewe..."

"Umekosea namba, baba," Katunge akasema.

Mbuzi waliendelea kulia. Alisikia Mowlid akivuta pumzi.

"Nimekosea," Mowlid akasema taratibu. "Samahani, mama. Nilikuwa natafuta mtu wa Mtito."

"Si hapa."

"Basi. Samahani kwa usumbufu."

Katunge alikaa na simu kwenye paja mpaka ikapoa. Nthenya akatoka jikoni akifuta mikono.

"Ni nani huyo, mwaitu?"

"Mtu amekosea namba." Kisha akasema, "Ile mashine yangu, mtu akiitaka, mpe."

"Na wewe je?"

"Nimeshiba."

Nthenya akaifunga mashine na padi zake mbili katika gunia la unga, akaiweka juu ya kabati. Hakuna aliyeiuliza. Mowlid hakupiga tena, na kila Jumanne Katunge huuliza, kama anayeuliza habari za mvua, kama leo ni Jumanne.